Udogo wa tarantula unatudanganya

Zamani mtu akitaja kufuga tarantula, picha iliyomjia msikilizaji ilikuwa ya buibui mkubwa mwenye manyoya, anayejaza kiganja cha mkono. Picha hiyo inabadilika. Miaka ya karibuni wafugaji wengi, hasa wanaoanza, wamehamia kwa tarantula wadogo wa nchi za joto, ambao hata wakikomaa na kutandaza miguu yote minane hawafikii upana wa sentimita saba. Video fupi za mitandaoni zimewapa umaarufu: wana rangi za kuvutia, wanafuma utando mwingi, na chombo kinachowatosha hakizidi boksi la kuwekea chakula. Ujumbe unaotembea na video hizo ni kwamba huyu ni mdogo, basi kumfuga nako ni jambo dogo. Nasema udogo huo umesomwa vibaya, na wanaomshangilia wamekosea sawasawa na wanaomwogopa. Swali la kwanza kuhusu tarantula wa kufugwa ni alizaliwa wapi. Mambo ya kuuma, sumu na nafasi ya chumbani yanafuata nyuma, tena kwa mbali. Na hawa wadogo, kwa jinsi maumbile yao yalivyo, ndio ambao kwao hatuna udhuru wowote wa kuwa na jibu baya.

Tuanze na wenyewe. Jamii ya tarantula ina spishi zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa za nchi za joto, na wadogo wametawanyika humo bila kuwa ukoo mmoja. Yuko Cyriocosmus elegans wa Venezuela na Trinidad na Tobago, mwenye mistari ya rangi ya chungwa kwenye tumbo jeusi, ambaye jike aliyekomaa hatoshi kufunika kiganja cha mtoto. Yuko Neoholothele incei, naye wa pande hizo hizo, mwenye mgongo wa mng'ao wa dhahabu iliyofifia. Yuko Heterothele villosella wa Afrika Mashariki. Wape udongo, kipande cha gome na majani makavu. Baada ya wiki chache chombo kizima kimegeuka vichochoro vya utando mweupe, na mwenye nyumba humwoni tena isipokuwa usiku, miguu miwili ya mbele ikichungulia mlangoni. Maisha yao, kwa kipimo cha tarantula, yanakwenda mbio. Dume wa spishi hizi anaweza kukomaa ndani ya mwaka mmoja au karibu na hapo, akatoka kutafuta jike, akafa muda si mrefu baadaye. Jike huishi miaka kadhaa. Linganisha na Brachypelma wa Mexico, yule maarufu mwenye magoti mekundu: jike wake huchukua karibu miaka kumi kukomaa, na anaweza kuvuka 20. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo msingi wa hoja yangu, na nitairudia.

Sasa biashara yenyewe. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Communications Biology matokeo ya kupekua matangazo ya mauzo mtandaoni na kumbukumbu za uingizaji wa buibui, nge na jamaa zao. Walikuta spishi 1,264 sokoni. Walikadiria kwamba asilimia 67 ya viumbe hao walitoka moja kwa moja porini, na kwa baadhi ya jenasi, yaani makundi ya spishi za karibu, kiwango kilifika asilimia 99. Kwa upande wa tarantula, karibu nusu ya spishi zote zinazojulikana zilikuwa zinauzwa, na miongoni mwa spishi zilizopewa jina tangu mwaka 2000, robo nzima ilikwisha kuingia sokoni. Maana yake ni kwamba mwanasayansi anamaliza kueleza buibui mpya na mahali anapopatikana, na mkusanyaji anayasoma maelezo hayo kama ramani. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, CITES, ulikuwa unagusa spishi 30 tu kati ya hizo zote, sawa na asilimia 2. Brachypelma smithi aliingizwa kwenye mkataba mwaka 1985 na jenasi yake yote mwaka 1994. Jenasi ya Poecilotheria, wale warembo wa mitini wa India na Sri Lanka, ikafuata mwaka 2019. Wote hao ni wakubwa, wenye bei, wanaojulikana. Mdogo wa kahawia anayejificha chini ya gogo hana wa kumsemea. Tena udogo wake unamrahisishia kazi anayetaka kumpitisha kimya kimya, kwa sababu kitoto cha tarantula husafirishwa ndani ya kipande cha mrija wa soda kilichozibwa pamba kila upande. Bahasha moja inaweza kubeba kizazi kizima.

Mbele ya takwimu hizo, inasikitisha kwamba mjadala mwingi unaishia kwenye sumu. Hoja ya hatari ndiyo dhaifu kuliko zote zinazotolewa dhidi ya ufugaji huu, ingawa ndiyo inayopigiwa kelele zaidi. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kitabibu kuwa kimesababishwa na sumu ya tarantula. Wako wenye sumu kali, na kuumwa na Poecilotheria kunaweza kuleta mikazo ya misuli yenye maumivu makubwa kwa siku kadhaa, kwa hiyo hao si wa kuchezea. Tarantula wengi wa mabara ya Amerika wana silaha nyingine, nywele za kuwasha zilizo tumboni, ambazo huzifuta kwa miguu ya nyuma zikaruka hewani kama upupu. Mwaka 2009 mtu mmoja alifika kwa madaktari wa macho huko Leeds, Uingereza, jicho likiwa jekundu kwa wiki tatu na dawa za bakteria zikiwa hazikusaidia. Walipomchunguza kwa darubini wakakuta nywele nyembamba zimechoma kioo cha jicho. Ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa akisugua doa kwenye chombo cha tarantula wake, akageuza kichwa, na wingu la nywele likampiga usoni. Kisa hicho kilichapishwa katika jarida la tiba la The Lancet. Funzo lake ni kuvaa miwani na kutosogeza uso unaposafisha. Anayetaka wanyama hawa wapigwe marufuku kwa sababu ya sumu amechagua kipimo ambacho mbwa na farasi wasingekipita.

Hoja ya pili dhidi ya ufugaji ina uzito zaidi: ni ukatili kumfungia kiumbe wa msituni ndani ya boksi. Naichukua kwa uzito, kwa sababu kwa kasuku, kwa nyani, kwa wanyama wengi wanaouzwa kuwa vipenzi, ni kweli tupu. Lakini lazima tumuulize mnyama mwenyewe anaishi vipi akiachwa. Huko Australia Magharibi watafiti walimfuatilia jike mmoja wa buibui wa mashimo, binamu wa tarantula, tangu mwaka 1974. Walimpa jina la Namba 16. Aliishi miaka 43, na miaka yote hiyo aliimaliza ndani ya shimo lile lile, akisubiri mlo upite mlangoni, hadi mwaka 2016 walipokuta kifuniko cha shimo kimetobolewa na nyigu. Tarantula wa ardhini naye ni wa mwendo huo. Akipata unyevu unaomfaa, giza, mahali pa kufuma na chakula kinachokuja chenyewe, hatuna dalili kwamba anatamani kilomita nyingine ya msitu. Dume aliyekomaa ndiye wa tofauti: huyo huzunguka usiku kucha akigonga kuta, na kumtazama hakupendezi. Kwa hiyo kwa tarantula, hasa jike na watoto, kifungo peke yake hakinishawishi kuwa ni ukatili. Ukatili ninaouona uko katika kufungiwa vibaya, na hapo ndipo udogo unapogeuka mtego.

Mwili mdogo una akiba ndogo. Tarantula hukunjua miguu yake kwa msukumo wa maji ya mwili. Yakipungua, miguu hujikunja chini ya tumbo na hapo yuko karibu na kufa. Mkubwa anaweza kuvumilia wiki za uzembe, chombo kikauke, maji yasahaulike. Kitoto chenye urefu wa milimita tatu hakivumilii. Anayeanza akisikia hivyo hukimbilia upande wa pili: hufunika chombo, hunyunyizia maji asubuhi na jioni, na hewa inasimama. Buibui wengi wa mitini, wale wa vidole vya waridi na jamaa zao wa Karibi, wamekufa hivyo mikononi mwa watu waliodhani wanawaigizia msitu. Msituni kuna unyevu na kuna upepo, vyote kwa pamoja. Matundu ya pembeni, kikombe cha maji kisafi, kona moja ya usumba wa nazi iliyoloanishwa na nyingine ikaachwa kavu ili achague mwenyewe: hiyo ndiyo kazi yenyewe, na haionekani kwenye video ya sekunde 15.

Niliwahi kumtazama mmoja akijivua gamba, na nusura nimuue kwa huruma. Alikuwa amegoma kula karibu wiki tatu, tumbo limekuwa jeusi na kung'aa. Usiku mmoja nilimkuta amelala chali juu ya zulia jembamba la utando alilolitandika, miguu imeinuka, hajitikisi. Nilishika kijiti ili nimgeuze. Kabla sijamgusa, nikaona ngozi ya mgongo imefunguka kama kifuniko na kitu cheupe kikisukuma kutoka ndani, kidogo kidogo, mguu baada ya mguu ukivutwa kutoka kwenye ala yake kama mkono unaotoka kwenye glavu. Ilichukua muda mrefu. Katika tendo hilo buibui hutoa hadi utando wa ndani wa mapafu yake na wa njia ya chakula, na akimaliza hata meno yake ya sumu ni meupe na laini. Kijiti changu kingemchana. Nyenje mmoja hai aliyeachwa ndani ya chombo angeweza kumtafuna akiwa hawezi kujitetea. Wafugaji wazoefu hutoa mabaki yote ya chakula mapema kwa sababu hiyo. Tangu usiku ule siamini tena mtu akiniambia kwamba mnyama huyu hahitaji uangalizi. Anahitaji uangalizi wa aina ngumu, wa kujua ni lini usifanye chochote.

Kwa upande wa wafugaji nako kuna hoja dhaifu, na dhaifu kuliko zote ni ile ya kusema anakuzoea. Video inayopendwa ni ya buibui akitembea mkononi, na maelezo chini yake yanasema amemzoea mwenyewe. Hakuna ushahidi kwamba tarantula anafurahia mkono wa mtu. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba ametulia kwa kukosa pa kukimbilia, au ametambua kwamba hiki hakiliki na hakijamdhuru. Tumbo lake ni kifuko laini; akianguka kutoka urefu wa kiuno linaweza kupasuka, na jeraha hilo halishonwi. Wadogo ndio wepesi kuliko wote: Neoholothele anaweza kutoka kiganjani hadi bega kabla hujapumua. Anayempeleka mkononi anampa mnyama hatari yote na kujichukulia furaha yote. Kumfuga tarantula ni kukubali kumpenda asiyekupenda, na kwa maoni yangu huo ndio uzuri wa jambo hili, kwa sababu mtu anajifunza kumtazama kiumbe bila kumdai kitu.

Wengine husema hana hisia, ni mdudu tu. Sayansi haijafunga mlango huo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 inayowatambua wanyama kuwa viumbe wenye hisia iliwaingiza pweza na ngisi, ikawaingiza kaa na kamba, buibui ikawaacha nje. Kuachwa nje ya sheria hakujathibitisha kwamba hawaumii. Aliye na mnyama mkononi mwake ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi pale ambapo jibu halijapatikana.

Hoja ya wafugaji iliyo nzito ni ya uhifadhi: tukimzalisha nyumbani, hatakwisha duniani. Mfano unaotajwa ni Poecilotheria metallica, tarantula wa buluu wa Andhra Pradesh, India. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 1899 kutokana na buibui aliyepatikana kwenye yadi ya reli ya Gooty, kisha hakuonekana tena na wataalamu hadi mwaka 2001, kwenye msitu ulio mbali na hapo. Yuko hatarini kabisa kutoweka, na makazi yake yanayojulikana hayafiki kilomita za mraba 100. Leo kuna idadi kubwa yake kwenye nyumba za wafugaji Ulaya na Marekani, na ni kweli kwamba mnunuzi wa sasa anaweza kumpata bila mtu kugusa msitu ule. Nakubali hilo bila kinyongo. Nisichokikubali ni jina la uhifadhi kupewa kila sanduku la plastiki. Buibui wa sebuleni hana kumbukumbu ya msitu aliotoka babu yake, pengine amechanganywa na wa eneo lingine, na msitu unaofyekwa haupati faida yoyote kwa yeye kuwa hai kwenye rafu. Ufugaji wa nyumbani unaweza kupunguza tamaa ya kukamata porini. Hiyo ni faida kubwa ya kutosha. Haina haja ya kupambwa.

Tena faida hiyo yenyewe ina sharti. Neno "amezaliwa nyumbani" limekuwa pana mno. Mtu anaweza kumkamata jike porini akiwa tayari amepandwa, akamweka kwenye chombo, jike akafuma kifuko cha mayai, na watoto makumi wakauzwa kama wa kufugwa. Kwa maneno hakuna uongo. Kwa ukweli wa msitu, jike mmoja aliyekuwa na uwezo wa kuzaa ametolewa, na mwakani atatafutwa mwingine. Mfugaji wa kweli ni yule ambaye wazazi wote wawili wa watoto wake waliishi na kukomaa kwake au kwa mfugaji mwenzake.

Hapa ndipo kasi ile ya maisha inapoamua kesi. Kwa Brachypelma anayehitaji karibu muongo mzima kukomaa, mfugaji anaweza angalau kulalamika kwamba kizazi kimoja kinamgharimu ujana wake. Kwa tarantula wadogo lalamiko hilo halipo. Aliyeanza na vitoto leo anaweza kuwa na kifuko cha mayai baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na kikianguliwa vizuri kinatoa watoto makumi, wa kutosha kuwagawia wenzake na kubaki na wake. Kikundi kidogo cha wafugaji wanaobadilishana madume kinaweza kujitosheleza daima bila kumchukua hata mmoja porini. Kwa hiyo mtu anayeuza Cyriocosmus au Heterothele aliyekamatwa msituni anafanya hivyo kwa sababu moja: kukamata ni rahisi kuliko kungoja. Na anayemnunua analipia kutongoja huko.

Wako wanaoona dawa ni kupiga marufuku ufugaji wote. Naelewa mvuto wake, kwa kuwa mkaguzi wa bandarini asiyeweza kutofautisha spishi mbili za kahawia anaweza angalau kutofautisha buibui na kisicho buibui. Mahali ambapo hali ya hewa inamruhusu mgeni kuota mizizi, vizuizi vina haki yake: huko Florida, tangu miaka ya 1990, inajulikana jamii ya tarantula weusi wenye manyoya mekundu wa Mexico na Amerika ya Kati iliyojikita kwenye mashamba ya machungwa baada ya kufika kwa mikono ya watu. Lakini marufuku ya jumla inamwondoa sokoni yule anayezalisha kwa uaminifu na kumwachia uwanja yule wa bahasha na mrija. Sheria inayofaa ni inayomtaka muuzaji athibitishe asili, na kuanza na spishi zinazokomaa haraka, ambazo kwazo uthibitisho ni rahisi na kisingizio hakuna. Vyama vya wafugaji navyo visisubiri sheria. Daftari lenye tarehe ya kupandisha, tarehe ya kifuko na idadi ya watoto ni karatasi tu, na mfugaji makini analo tayari.

Mnunuzi naye ana nguvu kuliko anavyodhani. Muulize muuzaji kifuko kilianguliwa lini, mama yake yuko wapi sasa, na baba alitoka kwa nani. Aliyemzalisha hujibu papo hapo, tena kwa urefu usioutarajia, kwa sababu alikaa wiki nyingi akimchungulia jike aliyekumbatia kifuko akiogopa asije akakila. Anayekuambia wamefika wiki iliyopita, wote wakubwa tayari, karibu wote majike, mmoja ana kovu na mwingine amepungukiwa mguu, naye amekwisha kukujibu.